Floti mpya kwenye Fuso inasoma kinyume, tenki limejaa mshale uko E

mbao_kwa_mbao:
Wakuu habari za muda huu. Nina Fuso napiga nayo mbao Mafinga kwenda Dar, tenki lake la chuma lilioza na kutu likawa linavuja kwenye mshono, nikatafuta la alumini la mtumba, lipo poa kabisa ila floti ya zamani (kile kifaa cha ndani ya tenki kinachopeleka kiwango cha mafuta kwenye geji) haiingii maana ni fupi na tundu halilingani. Nikachukua floti mpya Mbeya mjini, ile yenye mkono unaopanda na kushuka na mafuta, flenji yake (sahani ya kufungia kwenye tenki) ina matundu matano, fundi kaifunga haivuji, sasa kituko nikijaza wese mshale unalala E, likipungua ndo unapanda kwenda F 😂 Utingo wangu anasema tuzoee tu tusome kinyume, fundi naye kakomaa geji imekufa. Ninunue geji au?

umeme_uyole:
Mkuu geji yako nzima, usiitupe. Floti kazi yake ni kubadilisha omu tu (kipimo cha ukinzani wa umeme), na kila kampuni ina mpangilio wake. Za Ulaya nyingi ni 10 tenki likiwa tupu na 180 likijaa, za Kimarekani 240 tupu na 33 limejaa, na magari mengi ya Kijapani nayo yanataka omu ziwe juu tenki likiwa tupu na zishuke likijaa. Hapo umechanganya koo mbili. Chukua multimita, chomoa waya wa floti, pima ile ya zamani mkono ukiwa chini kabisa halafu juu kabisa, fanya hivyo hivyo kwa mpya utuletee namba hapa.

mbao_kwa_mbao:
Nimepima mkuu. Ya zamani chini inacheza kwenye 110, juu inabaki kama 5. Mpya chini 10 juu 180. Daah. Sasa si nisome kinyume tu kama anavyosema dogo?

umeme_uyole:
Hapana, itakudanganya hata huko kinyume. Nusu tenki floti yako inatoa kama 90 hivi, geji inayoishia 110 inaona umebakiza matone, halafu kuanzia hapo mpaka full mshale umelala tu E haukwambii kitu. Njia ni mbili: irudishe utafute yenye omu zinazokaribiana na za zamani, au ubaki nayo ununue geji yake ya 10 mpaka 180, hakikisha ni ya volti 24 na sio ya gari dogo. Mimi ningebadili floti, deshibodi ya Fuso kuichokonoa ni kazi.

kitonga_usiku:
Naongezea hapo. Ukienda dukani beba rula na fimbo safi, chovya kwenye tenki upate kina chake. Zile za bomba la kusimama zinatakiwa ziwe fupi kuliko kina kwa kama sentimita mbili tatu zisigonge chini, za mkono unarefusha au unafupisha mkono mpaka floti iguse karibu na chini na karibu na juu bila kukwama kwenye ukuta wa ndani wa tenki. Na jambo lingine, floti ikikaa pembeni mwa tenki refu, ukianza kupanda mlima Kitonga mafuta yote yanakimbilia nyuma mshale unakuchanganya, kwa hiyo kama tundu linatobolewa upya litobolewe katikati.

mbao_kwa_mbao:
Kutoboa sasa ndo naogopa, kuna jamaa wa kuchomea hapa jirani anasema dizeli hailipuki

umeme_uyole:
Mwambie ajaribu kwake 😂 Tenki tupu ndo baya zaidi, ule mvuke uliobaki ukikutana na cheche za kuchomea linapasuka, dizeli au petroli. Kwanza huhitaji kuchomea. Shusha tenki, lisafishwe, toboa kwa drili taratibu huku umepaka grisi kwenye meno ya drili ishike chembe, kisha lioshe tena ndani maana chembe moja ya alumini ikifika kwenye pampu utanikumbuka. Yale matundu matano hayajapangwa sawasawa, flenji inakaa upande mmoja tu, kwa hiyo zungusha gasketi mpaka yote yalingane ndo ufunge. Silikoni ya kawaida usipake, dizeli inailainisha, tumia gasketi ya mpira inayovumilia mafuta.

Halafu erthi. Tenki lako limekaa juu ya mipira na mikanda, lenyewe halina erthi ya uhakika, vuta waya mweusi toka kwenye flenji mpaka chasisi sehemu uliyokwangua rangi. Kupima geji, washa swichi, ule waya wa floti ugusishe chasisi sekunde chache, kwa geji yako mshale unapaswa kupanda F. Ukipanda basi geji na waya wake vipo sawa. Umeme wa 24 moja kwa moja kwenye floti usipeleke kamwe.

mama_tela:
Samahani wadau naingilia, mimi madereva wangu wananichotea mafuta njia ya Tunduma, floti kama hii inaweza kunionyesha kwenye simu?

kitonga_usiku:
Hiyo ya mkono hapana mama, inatingishika sana na hesabu yake ni ya kukisia. Tafuta ile sensa ya fimbo inayounganishwa na kifaa cha GPS, inakatwa kulingana na kina cha tenki halafu inapimwa kwa kujaza lita 20 baada ya 20 huku wakirekodi mpaka tenki lijae. Simamia mwenyewe siku hiyo, usimwachie dereva.