Naomba ushauri: Koodineti za bikoni kwenye AutoCAD zinatoka 9.25163e+06 badala ya namba kamili

Mchoraji wa Kibaha
Wanajukwaa, salaam. Ninachora kwa AutoCAD (programu ya michoro) ramani ya kiwanja chenye bikoni (alama za mipaka) sita kilichopo Kibaha, kwa koodineti za UTM (mfumo wa kupima mahali kwa mita) kanda ya 37 Kusini, datamu (msingi wa vipimo) ya Arc 1960. Ofisini nilirithi programu ndogo ya LISP ambayo, ukibofya bikoni, huandika X na Y pembeni yake. X inatoka 491209.0 na haina shida, lakini Y inatoka 9.25163e+06, yaani 9.25163 mara milioni moja. Kibaya zaidi ni kwamba bikoni tatu za upande wa kusini, ambazo najua zimepishana kwa mita kadhaa, zimeandikiwa Y hiyo hiyo. Nifanye nini ili nipate namba kamili yenye desimali tatu? Na je, maandishi niliyokwisha kuyaweka kwenye michoro minne yanaweza kugeuzwa bila kuanza upya?

Fundi Ramani
Ndugu, anza na mipangilio ya faili lenyewe. Andika LUNITS kwenye mstari wa amri. Jibu likiwa 1, mchoro umewekwa kwenye uandishi wa kisayansi, nawe uweke 2 ili urudi kwenye desimali. Kisha LUPREC, yaani idadi ya desimali, iwe 3.

Mchoraji wa Kibaha
Ahsante, mkuu. Nimekuta LUNITS ni 2 na LUPREC ni 3 tangu mwanzo. Tena nikitumia amri ya ID, inayoonyesha koodineti za nukta, kwenye bikoni ile ile, Y inasomeka 9251634.218 bila kasoro yoyote. Ni LISP peke yake inayoikata.

Mpima Mstaafu
Hapo umejijibu nusu, kijana wangu. Kama ID inaonyesha namba nzima, basi mchoro wako ni mzima, kwa sababu AutoCAD huhifadhi koodineti kwa tarakimu kumi na tano hivi, na kinachobadilika ni sura ya kuonyeshwa tu. Tatizo ni kwamba LISP inapogeuza namba kuwa maandishi kwa princ au vl-princ-to-string, hutoa tarakimu sita zenye maana na kuishia hapo, wala haijali LUNITS yako. Sisi wa kusini mwa Ikweta linatuumiza zaidi, kwani Y zetu huhesabiwa kutoka 10,000,000 kurudi chini, hivyo Kibaha yote ina tarakimu saba kabla hata ya desimali.

Fungua faili la LISP, utafute mahali Y inapogeuzwa kuwa maandishi, kisha uandike (rtos (cadr p) 2 3), ambapo p ni nukta uliyobofya, 2 ni desimali, na 3 ni idadi ya tarakimu baada ya nukta. Kwa X tumia (rtos (car p) 2 3). Ndiyo, na X pia! Unasema haina shida, lakini 491209.0 ni namba iliyokadiriwa hadi mita nzima ikavalishwa sifuri ya mapambo. Mimi naiogopa kuliko Y, kwa kuwa Y angalau inakupigia kelele.

Kuhusu maandishi ya zamani, hayageuziki. Y ya 9.25163e+06 inaweza kuwa namba yoyote kati ya 9251625 na 9251635, yaani mita kumi, na hakuna hesabu itakayokurudishia zilizokatwa. Yafute, kisha ubofye bikoni upya.

Kijana wa CAD
Kwa nini asihamishe mchoro wote karibu na sifuri? Namba zitakuwa fupi na tatizo litaisha.

Mpima Mstaafu
Litaisha la kwake na kuanza la atakayefuata. Kiwanja kikihamishwa hakikai tena juu ya viwanja jirani vilivyopimwa kwa koodineti halisi, na atakayekwenda kurudishia bikoni kwa namba hizo hatazipata ardhini.

Fundi Ramani
Naongeza moja: ukipeleka orodha kwenye Excel, hakikisha safu ya Y haikupangwa kwa mtindo wa kisayansi kabla ya kuihifadhi kama CSV, maana faili hilo hubeba kile kinachoonekana kwenye seli.

Mchoraji wa Kibaha
Nimebadilisha mistari yote miwili, na zile bikoni tatu sasa zinasoma 9251634.218, 9251631.05 na 9251627.4. Nashukuru sana, mzee wangu. Limebaki hili: mbona mbili za mwisho hazina desimali tatu?

Mpima Mstaafu
Hiyo ni DIMZIN, mpangilio wa AutoCAD unaoamua sifuri zipi zionyeshwe. Ikiwa 8, rtos huondoa sifuri za mwishoni. Ndani ya LISP ihifadhi thamani ya sasa, iweke 0, andika koodineti, kisha uirudishe ilivyokuwa, usije ukakuta vipimo vingine vya mchoro vimebadilika sura.