Matiti yamelegea na mtoto hatulii jioni: maziwa yameisha?

Mama_Kifungua:
Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kwanza ana wiki tano, ananyonya maziwa yangu tu. Alizaliwa na kilo 3.1, siku ya tano akawa 2.9, na juzi kliniki mizani ilisoma 3.9. Shida ni jioni. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne usiku haachi titi: ananyonya, anasinzia, namlaza, anaamka analia, tunaanza upya. Na matiti yangu, ambayo wiki za kwanza yalikuwa magumu kama mawe na kulowesha nguo, sasa yamelegea kabisa. Jana nilikamua kwa pampu nikapata mililita 30 tu. Mama mkwe ananiambia kwa upole kwamba maziwa yameisha, nimwongezee ya kopo usiku. Leo mchana nimelia.

MamaWawili:
Pole sana dada. Kwa mtoto wangu wa kwanza nilifanya hivyo. Chupa ya saa mbili usiku ilimlaza hadi saa nane, nikafurahi. Wiki iliyofuata zikawa chupa mbili, kisha tatu, na alipofikisha miezi mitatu alikuwa anakataa titi. Hakuna aliyenieleza kwa nini.

MkungaMstaafu:
Mwanangu, futa machozi kwanza. Mtoto ameongeza kilo nzima ndani ya mwezi, na hajaonja kitu kingine. Kilo hiyo imetoka kwenye matiti hayo hayo.

Siku za mwanzo maziwa huja kwa amri ya homoni. Kondo la nyuma likishatoka, projesteroni, homoni ya ujauzito, inashuka, prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, inapata nafasi, na kati ya siku ya pili na ya nne maziwa yanajaa hata kama mtoto hajajua kunyonya vizuri. Ule ugumu ni maziwa pamoja na damu na majimaji yaliyojazana, katika mwili usiojua bado mtoto anahitaji kiasi gani. Baadaye kila titi hujipangia lenyewe. Likikaa limejaa, linapunguza kasi ya kutengeneza. Likinyonywa hadi kulainika, linaongeza. Titi laini ndilo lililo kazini. MamaWawili, chupa yako ilimlaza mtoto, titi likakaa limejaa kwa muda wa saa sita za usiku, wakati ambao prolaktini ndiyo huwa juu zaidi. Mwili ukaelewa maziwa hayahitajiki. Hukukosea kumpenda mwanao. Ulikosa mtu wa kukueleza.

Pampu nayo isikutishe. Maziwa hayatoki vizuri mpaka oksitosini, homoni ya kusukuma maziwa, ibane vifuko vinavyoyatengeneza, na oksitosini huitikia mdomo wa mtoto, joto la ngozi yake, hata kilio chake. Hofu huichelewesha. Ulikamua ukiwa na hofu.

Leo jioni usitazame saa, tazama kidevu. Mwanzoni atanyonya harakaharaka bila kumeza, kama anayebisha hodi. Baada ya muda mfupi kidevu kitashuka zaidi, kitatua chini kidogo, kisha utasikia pumzi ndogo, "kha". Kile kituo ndicho funda la maziwa linaloingia mdomoni. Vituo vikipungua, minya titi taratibu kwa kiganja. Visiporudi, mhamishie la pili, kisha mrudishe la kwanza hata ukiliona limelegea. Kunyonya mfululizo jioni ni kawaida kwa watoto wa umri huu.

BabaK:
Shikamoo mkunga. Naomba niongeze, maana si kila mara ni kawaida. Mtoto wetu alinyonya hivyo mchana na usiku, lakini wiki ya tatu alikuwa hajarudia uzito wa kuzaliwa. Ulimi wake ulikuwa umefungwa kwa utando chini, hakuweza kuvuta. Maziwa ya kopo yalimwokoa wakati tukisubiri utando ukatwe.

MkungaMstaafu:
Marahaba baba, umesema jambo la maana. Mtoto ambaye hajarudia uzito wake ndani ya wiki mbili hivi, anayelowesha nepi chini ya sita kwa siku baada ya siku ya tano, au aliyelegea hata kuamka kunyonya ni shida, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na akihitaji kuongezewa aongezewe bila aibu. Mama_Kifungua, nepi zake ni ngapi?

Na hili ni lako wewe, kwa sababu wote tunamzungumzia mtoto tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya takwimu za wanawake kutoka nchi 30, ulionyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3. Saa hizo za jioni unazokaa kwenye kiti zinakulinda nawe pia.

Mama_Kifungua:
Asante sana mama, asanteni nyote. Nepi ni saba au nane, zimelowa chapachapa. Jana nilimwonyesha mama mkwe kidevu, akaja kukaa karibu nami kabisa. Titi la kwanza tulihesabu vituo hadi arobaini, tukapotea hesabu. Nililiminya kama ulivyosema, vikarudi. Alipolala ilikuwa saa tatu na nusu, maziwa yakimchuruzika pembeni ya mdomo, na mama mkwe ndiye aliyeyapangusa.