MJADALA: Je, ni halali kufundisha kundalini yoga bila kumweleza mwanafunzi ilikotoka na hatari zake?

Mleta mada:

Wanajamvi, salaam. Hoja hii ikizuka huwa tunagawanyika: wapo wanaosema kundalini ni mapepo, na wapo wanaoisifu kama njia ya haraka ya kuamka kiroho. Wote hawaulizi mafunzo yenyewe yametoka kwa nani. Msimamo wangu ni kwamba mwalimu anayeahidi kuamka kiroho lazima amweleze mwanafunzi asili ya mafunzo hayo, na hatari zake, kabla ya zoezi la kwanza la pumzi. Asiyeweza, asifundishe.

Kwenye mapokeo ya Kihindi, kundalini ni nguvu inayoelezwa kama nyoka aliyejikunja mizunguko mitatu na nusu chini ya uti wa mgongo. Ikiamshwa, hupanda kupitia chakra, yaani vituo vya nguvu mwilini, mpaka utosini. Haya yamo kwenye maandiko ya zamani; Hatha Yoga Pradipika ni ya karne ya 15. Lakini kundalini yoga ya nguo nyeupe na vilemba, iliyoenea Marekani na Ulaya, ni ya juzi tu. Mwanzilishi wake ni Harbhajan Singh Puri, maarufu kama Yogi Bhajan, ofisa wa forodha wa India aliyehamia Kanada mwaka 1968, kisha Los Angeles, na kuanzisha shirika la kueneza mafunzo yake, 3HO (Healthy, Happy, Holy Organization), mwaka 1969.

Alidai elimu hii ilikuwa siri na kwamba yeye ndiye wa kwanza kuifundisha hadharani. Si kweli. John Woodroffe, jaji Mwingereza wa Calcutta, alichapisha tafsiri ya maandiko ya chakra mwaka 1919. Swami Sivananda, mwalimu wa yoga wa India, alitoa kitabu kiitwacho Kundalini Yoga mwaka 1935. Mwaka 2012 mtafiti Philip Deslippe alionyesha kwamba mengi ya mafunzo ya Yogi Bhajan yalichotwa kwa walimu wawili wa India, Swami Dhirendra Brahmachari na Maharaj Virsa Singh, majina ambayo baadaye yalifutwa kwenye simulizi rasmi.

Kisha ikaja 2020. Uchunguzi ulioagizwa na mashirika yaliyotokana na kazi yake mwenyewe ulihitimisha kwamba kuna uwezekano mkubwa kuwa aliwadhulumu kingono wafuasi wake. Alikuwa ameshafariki, mwaka 2004. Walioumia wengi walinyamaza miaka mingi kwa sababu waliamini aliyewaumiza ameshaamka kiroho.

Mchangiaji:

Kaka mleta mada, heshima yako. Mimi nafanya mazoezi haya na yamenisaidia: nalala vizuri, hasira zimepungua. Pumzi ni pumzi. Makosa ya mzee yule yanahusianaje na mgongo wangu? Hata dini zetu zina viongozi walioanguka, na hatujaacha kusali.

Mleta mada:

Dada yangu, nashukuru, na sina sababu ya kupinga usingizi wako. Kupumua polepole hutuliza mwili, na kwa hilo huhitaji guru yeyote. Ila kwenye mfumo huu kila kriya, yaani mfululizo wa mazoezi na pumzi, ina muda wake, kwa mfano dakika 3, 11 au 31, na walimu hukatazwa kubadilisha mpangilio au kuongeza muda kwa sababu Yogi Bhajan alisema hivyo. Mamlaka yote ya agizo ni neno lake. Neno hilo likiwa na kasoro, mwanafunzi ana haki ya kujua.

Hata tukimweka pembeni, hatari inabaki. Someni habari za Gopi Krishna, mtumishi wa serikali huko Jammu. Alitafakari kila alfajiri kwa miaka 17 bila mwalimu wa kumwongoza. Desemba 1937, akiwa na miaka 34, alisikia ngurumo kama ya maporomoko ya maji na mwanga ukapanda mgongoni mpaka kichwani. Hapo ndipo wengi hukatisha hadithi. Kilichofuata ni joto lisilovumilika mwilini, kukosa usingizi, kuchukia chakula na hofu ya kurukwa na akili, alikaribia kufa. Yeye mwenyewe aliyaandika haya, naye hakuwa adui wa kundalini: aliitetea mpaka alipofariki mwaka 1984. Ndiyo maana namwamini zaidi kuliko matangazo ya semina za wikiendi.

Kwa wanaosema ni mapepo: mtu aliyekosa usingizi siku kadhaa na anayesikia sauti anahitaji daktari haraka. Mkitaka kumwombea, mwombeeni, lakini msimcheleweshe hospitali.

Walimu mliomo humu, naomba majibu ya wazi. Mnauliza kabla ya kumpokea mtu kama ana kifafa, presha, mimba, au historia ya ugonjwa wa akili kwake au kwenye ukoo? Na mwanafunzi akikupigia saa nane usiku akisema mgongo unawaka moto na hajalala tangu juzi, unamwambia aendelee na kriya au aache?