Wakuu, bushi ya gumba imenasa kwenye tufe la boulingi, naitoaje bila kuliharibu?

Mwana_wa_Barani
Salaam wakuu. Niko Malindi na nina shida ya haraka. Nina tufe la boulingi (ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha pini), ratili 14. Tundu la gumba lina zile bushi za kubadilisha: ya nje imegundishwa kwenye tufe haitoki, ya ndani unaichomeka, unaizungusha kidogo inajifunga, ukitaka kuitoa unazungusha kinyume. Sasa ya ndani imenasa. Haizunguki wala haichomoki. Nimetia mafuta ya nazi, nikalimwagia maji moto, wapi! Kuna fundi hapa mtaani yuko tayari kuitoa kwa keekee kesho, ila roho inasita. Anayevijua vitu hivi anisaidie, usingizi sipati.

Mla_Mbaazi
Nimeshavuta kiti. Wataalamu karibuni.

Ngalawa_Tupu
Pole ndugu. Mimi ilininasa pete ya ndoa, tena mwezi wa Ramadhani, kidole kimevimba kama ndizi mshale. Sabuni ya kipande ikashindwa, samli ikashindwa. Shemeji yangu akachukua uzi wa kushonea, akaupitisha chini ya pete, akanizungushia kidole kizima mpaka kwenye kiungo, halafu akaanza kuufungua taratibu kwa upande wa chini. Pete ikawa inapanda na uzi mpaka ikatoka. Tatizo likawa kuirudisha. Mpaka leo iko kabatini na mama watoto ananiuliza kila Ijumaa naificha kwa ajili ya nani. Jaribu uzi.

Fundi_Bushi
Uzi gani tena? Bushi haigongwi wala haizungushiwi uzi, bushi inavutwa. Tafuta pula. Mimi natoa bushi za Probox hapa Mtwapa kila siku, zilizokaa na kutu miaka. Shida yenu mnakimbilia nyundo. Na msinunue zile za bei rahisi, ukipita barabara ya vumbi mara mbili tu zinaanza kulia kokoko.

Mwana_wa_Barani
@Fundi_Bushi hii ni ya plastiki, kaka. Pula itashika wapi?

Mpenda_Pini
Ndugu yangu, achana na pula. Nimecheza boulingi Doha miaka mingi, hizo bushi nazijua. Zipo za Vise, za Turbo, za JoPo, na kila kampuni ina mfungo wake, ya huyu haiingii kwa yule. Kazi yake ni mbili. Kwanza, mwenye matufe mengi anahamisha gumba lile lile kutoka tufe hadi tufe, mkono hauoni tofauti. Pili, kidole huvimba. Joto likizidi au ukicheza raundi nyingi, unatoa bushi uliyoanza nayo unaweka yenye tundu kubwa kidogo. Kwa joto la kaskazi hapo kwenu ingekufaa sana. Sasa swali: hizi hazinasi zenyewe. Ulifanya nini?

Mwana_wa_Barani
Sikufanya kitu kikubwa. Ilikuwa inacheza, nikaikaza kidogo.

Mpenda_Pini
Ukaikaza kwa nini?

Mwana_wa_Barani
Kwa gundi kidogo.

Mpenda_Pini
Gundi ipi? Usinivute maneno kama daktari na mtoto.

Mwana_wa_Barani
Supaglu. Lakini sikuipaka bushi! Tundu lilikuwa pana kwangu, gumba linaelea, nikakata kipande cha ukanda wa kandambili nikakibandika ndani ili libane. Nadhani gundi ikachuruzika ikaingia kwenye maungio ya bushi mbili. Ni tone tu.

Mla_Mbaazi
Kandambili 😂😂😂 Nimeagiza na mahamri.

Mpenda_Pini
Kumbe bushi haikuwa na tatizo, gumba lako ndilo jembamba. Dawa yake ni tepu ya kubandika ndani ya tundu, unaongeza safu mpaka libane. Au unanunua bushi ya ndani yako mwenyewe, inachongwa kwa kidole chako, unaichomeka, ukimaliza unaitoa. Kitu chenyewe kimeundwa kwa sababu hiyo hiyo! Sasa nieleze, tundu hilo lilichongwa kwa kidole cha nani?

Mwana_wa_Barani
Mke wangu ana ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nikimwagia humo?

Mpenda_Pini
USIMWAGE. Asetoni iliyomo humo inalainisha supaglu kweli, lakini inakula plastiki nyingi na ngozi ya tufe pia. Na maji moto acha, tufe la rezini likipashwa ghafla linaweza kupasuka. Jibu swali langu.

Mwana_wa_Barani
La mjomba.

Mama_Halwa
Nilijua tu. Kijana anayeharibu kitu chake haandiki "usingizi sipati". Mwanangu, kitu cha mtu ni amana, na amana haibandikwi kandambili. Mjomba wako yuko wapi na alikupa ruhusa?

Mwana_wa_Barani
Shikamoo mama. Mjomba alifanya kazi Bahrain, akaja na matufe mawili. Sasa yuko Lamu kwa harusi. Hakunikataza. Tufe limelala chini ya kitanda tangu arudi, na sisi wafanyakazi wa hoteli tulikuwa na mashindano Nairobi. Matufe ya pale kwenye ukumbi mengine tundu bana, mengine mwanya, na mtu hawezi kwenda kuaibika mbele ya bosi. Mtu yeyote angefanya hivyo. Na tulishika nafasi ya pili, msilisahau hilo.

Mama_Halwa
Marahaba. "Hakunikataza" si ruhusa. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliazimwa baiskeli yake kwa "hakunikataza", ikarudi na kiti cha baiskeli nyingine. Kapiga nayo doria mji mzima wa Malindi akitafuta kiti chake, akakikuta Shela kwenye baiskeli ya muuza maziwa. Mpigie mjomba wako simu leo.

Fundi_Bushi
Mama, muuza maziwa alirudisha?

Mama_Halwa
Alirudisha na lita moja juu.

Sina_Sukari
Samahani jamani, mimi hii naona ni chai. Malindi boulingi inachezwa wapi? Nimezaliwa Maweni, nimepita Casuarina mpaka Mambrui, sijaona hata pini moja. Wataliano wetu wanarusha matufe yao ya bocce mchangani. Halafu mjomba wa Bahrain, kandambili, nafasi ya pili Nairobi... chai imekolewa tangawizi. Uzi bila picha mimi siuamini.

Mwana_wa_Barani
Nimesema nilicheza Nairobi. Soma kwanza.

Sina_Sukari
Nimesoma, tena nimesoma na nyuzi zako za zamani. Kule kwenye soko uliandika: "Nauza tufe la boulingi, hali nzuri, niko Malindi, bei maelewano." Hilo ni tufe gani?

Mla_Mbaazi
Ohoooo.

Ngalawa_Tupu
Kumbe mashindano yenyewe yalikuwa ya kutafuta mnunuzi.

Mwana_wa_Barani
Ile nilimwekea rafiki tangazo. Hana akaunti.

Sina_Sukari
Malindi nzima ina matufe matatu ya boulingi, na yote yamepita mikononi mwako. Weka picha.

Mwana_wa_Barani
Haya, hii hapa, mridhike. [picha]

Mpenda_Pini
Tufe lipo, si chai. Jekundu lenye mawimbi meusi, matundu ya vidole viwili yamevaa mpira, bushi ya gumba inaonekana. Na ukanda wa kandambili wa buluu uko humo ndani kweli, Mungu wangu. Lakini kuza picha utazame mezani, kushoto kwa tufe. Ule unga mwekundu ni wa nini?

Sina_Sukari
Mimi nauona. Na nyuma ya bushi kuna kitundu kidogo, upana wa penseli.

Mla_Mbaazi
Fundi wa "kesho" huyo 😂

Mwana_wa_Barani
Alianza tu. Alisema atoboe pembeni apate pa kutia bisibisi aisukume kutoka nyuma. Nikamsimamisha. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Na nimeshampa 800 ya arbuni, hairudi, kwa hiyo naona bora amalizie kwa uangalifu tu.

Mpenda_Pini
Asimalizie! Mia nane imekwenda, iage. Ndani ya tufe hilo kuna kiini kizito chenye umbo lake, si dafu hilo ukatoboa popote. Tena kwenye mashindano yanayofuata sheria za USBC, chama cha boulingi cha Marekani, tangu 1 Agosti 2020 tundu lisiloingia kidole haliruhusiwi. Kwa hiyo hicho kitundu lazima kizibwe.

Dawa ipo. Mtoboaji wa matufe mwenye mashine yake anaweza kuikata bushi yote, ya ndani na ya nje, akaweka mpya. Ikishindikana anajaza rezini, anaiacha ikauke, anatoboa upya. Kuziba na kutoboa tena ni jambo la kawaida kwao. Ila anahitaji MKONO WA MJOMBA, si wako: upana kutoka gumba mpaka vidole, mwelekeo ambao tundu limelazwa, na umbo la kidole chenyewe, maana gumba la mtu ni bapa, si duara. Hilo halipimwi kwa kamba ukiwa Malindi na mwenye mkono yuko Lamu. Kwa hiyo simu ya Mama_Halwa huikwepi hata kwa sababu za kifundi.

Halafu umesema ana matufe mawili. La pili nalo lina bushi ya nje ya aina hiyo?

Mwana_wa_Barani
Ndiyo. Ila ya ndani ni moja tu, alikuwa anaihamisha.

Mpenda_Pini
Basi umemfungia matufe yote mawili.

Fundi_Bushi
Mimi nina mashine ya kukereza. Nikipata kipande cha nailoni namkerezea mjomba bushi ya ndani ya hilo tufe la pili, bei ya ndugu.

Mpenda_Pini
Na ule mfungo wa kuzungusha utauchonga? Ukilegea tufe likiwa hewani bushi inatoka na kidole, na ratili 14 linamwangukia mguuni.

Fundi_Bushi
Nitauangalia. Alete sampuli.

Sina_Sukari
Sampuli imegandishwa na supaglu, shekhe.

Mwana_wa_Barani
Nimempigia. Hakupokea. Nimemwandikia "mjomba, ukipata nafasi nina swali kuhusu boulingi". Amejibu kwa dole gumba. Sijui ni sawa au ananicheka.

Mama_Halwa
Piga tena baada ya Isha, na useme yote, pamoja na lile tangazo la "rafiki".

Ngalawa_Tupu
Likishindikana kabisa niuzie mimi, nalitia nanga ya mtumbwi.

Mpenda_Pini
Hilo la 14 litazama, sawa. Lakini akikuuzia la pili uliza uzito kwanza. Matufe yote yana ukubwa karibu sawa, kipenyo inchi 8 na nusu, kwa hiyo ya chini ya ratili 12 hivi yanaelea baharini.

Ngalawa_Tupu
Basi la kuelea nafanya boya. @Mwana_wa_Barani la pili ratili ngapi?