Kuwasha mashine ya boti nchi kavu bila kuiharibu

Mgeni wa Bahari (Kilwa Masoko)

Ndugu zangu, nimenunua mashine ya boti iliyokwisha kutumika, ya nguvu farasi 15 na mipigo miwili, ilhali chombo chenyewe bado kiko kwa seremala kikitiwa kalafati. Muuzaji aliiwasha mbele yangu ikiwa imebanwa kwenye gogo la mnazi, bila tone la maji, akaniambia kwamba nusu dakika haina madhara. Ilinguruma vizuri, lakini moyo wangu haukutulia. Je, alilosema ni kweli? Na nikitaka kuijaribu tena uani kwangu, ambako nina pipa la lita 200 lililokatwa mdomo na bomba ambalo maji yake hutoka kwa unyonge, nifanyeje?

Fundi wa Raskazone (Tanga)

Ndugu Mgeni, muuzaji huyo amekuonea. Ndani ya mguu wa mashine kuna pampu ya maji, na ndani ya pampu hiyo kuna impela ya mpira ambayo mabawa yake husuguana na ukuta wa pampu wakati wote mashine inapozunguka. Kinachoyalainisha mabawa hayo ni maji yenyewe yanayovutwa kwenda kupoza silinda. Maji yasipokuwepo, mpira hupata moto na kuanza kuungua katika muda wa sekunde tu, hata kama mlio wa mashine haukubadilika, na ndiyo maana mnunuzi husikia ngurumo nzuri akadhani amepata mali. Madhara huonekana baadaye, mashine inapochemka katikati ya bahari.

Kwa hali yako, tumia pipa. Vile vikombe viwili vya mpira vinavyofunika matundu ya kuvutia maji na kuunganishwa na mpira wa bomba ni vizuri, lakini vinahitaji bomba lenye nguvu. Bomba nyonge litaifanya pampu ivute hewa. Simika nguzo mbili, pigilia ubao mnene, kisha ubane mashine hapo. Usiibane kwenye mdomo wa pipa, kwa sababu bati litapinda. Ng'oa pangaboi. Jaza maji matamu mpaka yapite juu ya ile sahani bapa iliyo juu ya pangaboi kwa shubiri moja hivi, kwani katika mashine nyingi pampu iko juu ya sahani hiyo, na watu wengi hukosea hapo. Weka gia huru, vaa kamba ya kuzimia mkononi, kisha uvute.

Mara tu inapowaka, macho yako yawe kwenye kitundu cha nyuma kinachorusha maji. Yasipotoka upesi, zima kwanza, maswali baadaye. Mara nyingine ni chumvi tu au nyigu aliyejenga humo. Chokonoa kwa kipande cha mshipi mnene wa kuvulia, wala usitumie msumari.

Mvuvi wa Ukerewe

Naunga mkono, ila naongeza mawili. Kwanza, moshi wa mashine hizi hutokea chini, kwa hiyo maji ya pipa hujaa mapovu na kupata moto upesi. Ukiiacha muda mrefu pampu itavuta mapovu badala ya maji. Dakika chache zinatosha, tena kwa mwendo wa chini kabisa, kwa maana mashine isiyo na mzigo ikipandishwa mafuta hukimbia kupita kiasi na kuweza kujivunja. Pili, usiiwashe ndani ya banda. Mimi nilifanya hivyo msimu mmoja wa mvua, mlango ukiwa wazi, nikatoka nje kichwa kikigonga na miguu imelegea. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu, na uwazi wa mlango mmoja hautoshi.

Na kama utafungua kifuniko cha juu, vua kikoi au shati pana. Gurudumu lile linalozunguka juu halimsubiri mtu.

Mgeni wa Bahari (Kilwa Masoko)

Nawashukuru nyote. Nilifuata maelekezo jana alasiri. Iliwaka kwa mvuto wa tatu, lakini kitundu kilidondosha matone tu, nami nikazima. Leo tumeufungua mguu: impela ina mabawa sita, mawili yamekatika, na yaliyobaki yana kingo nyeusi zinazong'aa. Nimeagiza mpya.

Fundi wa Raskazone (Tanga)

Kabla hujaifunga hiyo mpya, niambie: vipande vya mabawa mawili umevipata? Husukumwa na maji kupanda juu kwenye bomba, na vikikwama karibu na kichwa cha silinda, impela mpya haitasaidia kitu.

Mgeni wa Bahari (Kilwa Masoko)

Kimoja kilikuwa kwenye mdomo wa bomba la shaba. Cha pili bado tunakitafuta.