Tupeane uzoefu: kuendesha baiskeli kwa kundi kwenye vilima vya pwani, lami ikichanganyika na kokoto

#1
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita tulikuwa watu 11, kilomita 94, vilima vya kando ya bahari, nusu lami na nusu kokoto. Kilima kirefu kuliko vyote kina mita 260 tu, ndiyo maana wengi tulikidharau. Kumbe mabonde yale yanashuka kuelekea baharini moja baada ya jingine: unapanda, unateremka mpaka karibu na maji, unapanda tena. Ukijumlisha, tulipanda mita 1,900 na hakuna kipande tambarare cha kupumzisha miguu.

Ila kilichoniumiza si kupanda. Kwenye lami tulikwenda gurudumu nyuma ya gurudumu, tukikingana upepo, raha tupu. Baada ya kona moja lami ikakatika ghafla. Wa mbele akabana breki, wa tatu akamgonga wa pili, mimi nikaishia mtaroni na kiwiko kimechunika. Tulikuwa tumepanga kila kitu kabla ya kuondoka, isipokuwa lami inapoishia tufanye nini. Nyie huwa mnafanyaje?

#2
Pole sana mkuu. Kwetu anayeongoza anapaza sauti "Kokoto!" mapema, neno linapokewa kutoka mmoja hadi mwingine mpaka wa mwisho, na kila mtu anaacha nafasi ya baiskeli nne au tano. Kwenye kokoto mwendo ni mdogo, kwa hiyo kujificha nyuma ya mwenzako hakukusaidii sana. Utakachopata ni vumbi la macho na mashimo usiyoyaona.

Halafu breki. Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imesimama wima, ukiingia ndani ya kona uachie. Mimi nilibana ya mbele katikati ya kona yenye changarawe, gurudumu likateleza na nikawa chini kabla sijajua kinachotokea. Mtulinga ulivunjika. Mwaka wa tatu huu na kona za namna hiyo bado nazikaribia kwa heshima.

#3
Naongezea neno kuhusu upepo wa tairi. Zangu zina upana wa milimita 40, na safari ya kwanza nilijaza psi 60 nikiamini tairi gumu ndilo jepesi. Kwenye kokoto baiskeli ikawa inarukaruka juu ya kila jiwe, gurudumu la nyuma linazunguka bure. Nikasimama juu ya pedali ili nikanyage kwa nguvu, ikawa mbaya zaidi kwa sababu uzito wote ulihamia mbele.

Siku hizi naweka kama psi 36 (nina kilo 70, mzito kuliko mimi aongeze kidogo), nabaki nimekaa, nasogea kwenye ncha ya tandiko na kuinamisha kifua. Gia pia: nilitoka meno 40 mbele na 28 nyuma, sasa ni 30 mbele na 42 nyuma. Pale nilipokuwa nashuka kusukuma, sasa napita nimekaa, polepole.

#4
Kaka zangu, mmesema vizuri, ila hamjamgusa anayebaki nyuma. Mimi ndiye huyo. Kila kilele nilikuta wenzangu wamekaa dakika kumi wanakula na kunywa. Nikifika tu, "haya, twende!" Wao wamepumzika mara saba, mimi sijapumzika hata mara moja. Kilima cha sita mikono ilikuwa inatetemeka, ukungu wa bahari umenilowesha, na sijala kitu tangu asubuhi kwa sababu sikupata nafasi ya kusimama. Nililia kule nyuma, peke yangu.

Niliwaambia siku ile ile, na nashukuru walinisikia. Sasa anayefika wa mwisho ndiye anayesema tuondoke saa ngapi, na mzoefu mmoja mwenye pampu na tyubu haendi mbele ya mtu yeyote.

#5
Muangalie na saa. Nchi kavu ikipata joto, hewa yake inapanda na upepo wa baharini unaingia kujaza nafasi, kwa hiyo alasiri ndiyo unavuma sana. Sisi tunapanga njia ili wakati huo utusukume mgongoni. Na mkirudi, suuzeni baiskeli kwa maji yasiyo na chumvi na kupaka cheni mafuta siku hiyo hiyo, chumvi haisubiri kesho.

#6
Dada wa #4, nimesoma lako mara mbili. Katika kundi letu kuna mwenzetu mmoja aliyefika kila kilele tukiwa tumeshavaa kofia tayari kuondoka, na mimi nilikuwa kati ya waliosema twende. Nimempigia leo kumwomba radhi. Jumapili tunarudi njia ile ile na mimi nitakaa naye nyuma, pampu na tyubu ninazo.