"Kama darasa limekushinda, sema": amenitamkia hivyo mbele ya wanafunzi 47

Ndugu walimu, ninaandika haya kipindi cha nne kikiwa kimeisha sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Simtaji jina wala sina haja ya kumtaja, kwa kuwa nyote mnamjua: ni yule ambaye viatu vyake husikika koridoni kabla yeye hajaonekana, na ambaye kwake darasa zuri ni lile ambalo chaki ikianguka wote wanashtuka.

Leo amefungua mlango wangu bila kubisha, akapiga kifutio mezani mpaka vumbi la chaki likatufunika sote kama ukungu, kisha akawaacha wanafunzi na kunigeukia mimi: "Mwalimu, kama darasa limekushinda, sema." Mbele ya wanafunzi 47!

Nilikuwa nimewagawa katika makundi 8 na kuwauliza ipi ni kubwa kati ya 1/3 na 3/8. Walikuwa wakibishana, ndiyo, na kwa sauti. Binti mmoja ambaye tangu muhula uanze hajawahi kuinua mkono alikuwa amesimama, amechora mistatili miwili daftarini na kuigawa kila mmoja vipande 24, akiwaonyesha wenzake kwamba huku vimetiwa rangi vipande 8 na huku 9. Ndipo mlango ulipofunguka. Alikaa chini sentensi ikiwa nusu, na hakusema neno tena mpaka kengele ilipolia.

Sisemi kwamba kelele zote ni halali. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za chinichini darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa kufundisha, na sababu yake ninaiishi kila siku, maana mwanafunzi wa dawati la mwisho asiposikia vizuri hubahatisha maneno. Ninajua pia kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujitambua, jambo ambalo tabibu Mfaransa Étienne Lombard alilieleza mwaka 1911, hivyo makundi yakiachwa yenyewe kila moja hujitahidi kusikika juu ya jingine. Ndiyo maana sikai mezani. Ninapita kati ya madawati, ninamsogelea mchokozi badala ya kumwita kutoka ubaoni, na nikiinua mkono nao huinua yao mmoja mmoja hadi utulivu urudi. Jacob Kounin, ambaye utafiti wake wa kutazama mikanda ya video ya madarasa ulichapishwa mwaka 1970, aliona kwamba namna ya kukemea haikuwatofautisha walimu wenye madarasa tulivu na wale wengine. Waliwatofautisha jicho linaloona darasa zima na somo lisilokatwakatwa. Somo langu nani amelikata leo?

Na alipoondoka, hapo ndipo fujo ya kweli ilipoanza. Nimetumia dakika 12 kuwatuliza, huku mtu fulani kule nyuma akinong'ona kwa sauti yake ileile: "Mwalimu, limekushinda?" Limekushinda! Miaka yote niliyosimama mbele ya watoto imefutwa kwa neno moja na kifutio kimoja.

ChakiNyeupe: Pole sana, mwalimu. Wa kwetu hata mlango hafungui, husimama dirishani kama picha ya ukutani na kumwagiza kiranja ampelekee orodha ya wapiga kelele. Juma lililopita jina la kwanza katika orodha hiyo lilikuwa la mwalimu wa somo.

UkutaWaPili: Mimi nitasema msilotaka kusikia. Nimefundisha jirani na darasa la namna hiyo, na ukuta haupitishi hesabu, unapitisha sauti tu. Huku kwako ni majadiliano, kwangu wanafunzi wameziba masikio wakijaribu kufanya mtihani. Labda limekushinda kidogo.

Mwanzisha uzi: Angebisha hodi na kuninong'oneza, ningewashusha sauti papo hapo na kumshukuru. Hakubisha. Alisema "limekushinda", na watoto walicheka.

KengeleYaMwisho: Nyote mna bahati. Kwetu kuna anayekata nyasi kwa mashine chini ya madirisha, na huchagua siku ya imla. Nimesoma sentensi moja mara sita, na wanafunzi wangu wameandika maneno ambayo hakuna kamusi itakayoyakubali.

UkutaWaPili: Mashine ya nyasi hupita na kwenda zake, KengeleYaMwisho. Jirani yangu hupita kila Jumatatu.

MzaziWaWatatu: Mkishamaliza habari za nyasi, naomba mzungumzie hiyo orodha ya wapiga kelele. Mwanangu aliandikwa siku ambayo alikuwa nyumbani anaumwa, na aliporudi akapewa adhabu ya kufagia darasa. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba kiranja hakosei.

ChakiNyeupe: Kiranja huyo angalau alisubiri siku ifike. Wetu huandika majina asubuhi, kipindi cha kwanza kabla hakijaanza, na rafiki zake hawamo kamwe.

KengeleYaMwisho: Wetu huwafuta wanaomwazima kalamu.

MzaziWaWatatu: Basi kesho mwanangu atakwenda na kalamu mbili.